UZI: Vikundi vidogo vya wananchi vinakufa kwa kukosa cha kuamua. Anayepinga aje na hoja

#1 Mshika Daftari
Wakuu, salaam.

Nimekuwa katibu wa vikundi vya wakazi kwa miaka mingi, na nimechoka kusikia kwamba wananchi hawapendi vikao. Dai langu ni hili: kikundi cha watu kumi hadi ishirini hakifi kwa uvivu wa watu. Kinakufa kwa sababu kinaitwa kujadili mambo yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Mtu akishaona mara mbili tatu kwamba alilosema halikubadilisha kitu, anaanza kutuma udhuru, kisha haonekani tena.

Chukueni daftari la kikundi chochote mlifungue katikati. Mkikuta kurasa zimejaa "wajumbe walijadili kwa kina", "wajumbe walipongeza", "wajumbe waliomba wahusika waliangalie suala hili", jueni kikundi hicho kinahesabu siku. Mkikuta jina la mtu, kazi aliyopewa, tarehe ya kumaliza, na kikao kilichofuata kimeandika imefanyika au haikufanyika, hicho bado kina uhai.

Hoja hii ina umri mrefu. Thomas Jefferson, akiwa ameshaachia urais wa Marekani, aliandika barua mwaka 1816 akitaka kaunti zigawanywe kata ndogo kiasi kwamba kila raia aweze kufika mwenyewe kikaoni na kuamua: barabara zao, matunzo ya maskini wao, polisi wao, kesi ndogondogo. Hakusema wakusanywe watoe maoni. Alisema waamue. Kata zake hazikuanzishwa.

Karibuni.

#2 Kiti cha Nyuma
Nafuatilia. Waje wenye uzoefu.

#3 Nanga Chini
Mkuu #1, nakupinga mapema. Kinachoua ni pesa. Kikundi chetu kilikuwa hai wakati hatuna hata senti. Tulikuwa tunafuatilia mitaro ya maji ya mvua, tunagawana zamu, tunagombana na tunapatana. Siku ulipokuja mfuko wa maendeleo tukapewa mamlaka kamili ya kuamua utumike wapi, yaani hicho hicho unachokidai wewe. Kikao kilichofuata walikuja watu ambao sura zao hatukuwahi kuziona, kila mmoja na fundi wake mfukoni. Waliokuwa wanazibua mitaro wakaona aibu kubishana nao, wakajitoa mmoja mmoja. Maamuzi tulikuwa nayo tele. Watu ndio walioondoka.

#4 Mwana wa Ukumbi
#3 hilo ni suala la utaratibu tu. Angalia Porto Alegre kule Brazili. Mwaka 1998 walianza kuwaachia wananchi wapange sehemu ya bajeti ya jiji. Watu wanakutana katika maeneo yao, wanapanga vipaumbele kwa mfuatano, wanachagua wajumbe wa kwenda kusimamia. Pesa ilikuwepo na watu walizidi kuongezeka. Naunga mkono mleta mada.

#5 Chumvi Kiasi
Mwana wa Ukumbi, sahihisho dogo: ni 1989, baada ya chama cha wafanyakazi cha PT kushinda umeya. 1998 utaratibu ulikuwa umeshakomaa na miji mingine mingi inauiga.

Ila ukiusimulia, usimulie wote. Jiji liligawanywa kanda 16. Pesa haikwenda kwa anayepiga kelele zaidi; kulikuwa na kanuni inayoangalia idadi ya watu wa kanda, upungufu wa huduma yenyewe, na kipaumbele ambacho kanda iliipa. Na jiji lilirudi kwa wananchi kueleza kazi za mwaka uliopita zimefika wapi. Hiyo kanuni ndiyo iliyowafungia mlango watu wa aina ya wale wa #3.

Sasa sehemu isiyosimuliwa. PT ilishindwa uchaguzi wa jiji mwaka 2004. Utaratibu uliendelea kwa jina, nguvu ikapungua, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Kwa hiyo mleta mada ana kazi ya kutueleza: hawa walikuwa na cha kuamua, tena cha maana, kwa miaka. Walidhoofika kwa nini?

#6 Mwalimu wa Pembetatu
Mnaruka jambo la msingi ambalo ni ukubwa. Tufanye hesabu.

Kikundi cha watu 10 kina jozi 45 za watu wanaopaswa kujuana na kuaminiana. Watu 20 wana jozi 190. Watu 150 wana jozi 11,175. Watu wanaongezeka mara mbili, mahusiano yanaongezeka zaidi ya mara nne.

Njoo kwenye muda. Watu 12, kila mmoja akisema dakika tano, ni saa moja kamili na kila mtu amesikika. Watu 200 kwa dakika hizo hizo ni zaidi ya saa 16. Maana yake katika mkutano wa watu 200, watu 190 ni wasikilizaji, hata mkiuita mkutano wa wananchi. Kikundi cha #3 hakikuuawa na pesa, kiliuawa na wageni waliokitoa kwenye ukubwa wake.

#7 Bibi Asiyechoka
Mwalimu, ukiniachia mimi dakika tano hizo hesabu zako zote zinavunjika 😄

#8 Mwalimu wa Pembetatu
Mama, wewe tumekutengea kikao chako peke yako, na ajenda utapanga mwenyewe.

#9 Mkwezi wa Zamani
Shikamooni wakubwa.

Kuna mtu mnamzunguka wakati majibu mengi anayo. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu wa kawaida ambao wamejisimamia wenyewe kwa vizazi, kisha kuuliza wamewezaje.

Mfano wake mmoja ni kijiji cha Törbel, milimani Uswisi. Wana malisho ya pamoja, na kanuni yao ya mwaka 1517 inasema hakuna mtu kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko aliowalisha mwenyewe majira ya baridi. Iangalieni vizuri kanuni hiyo. Haihitaji polisi wala mkaguzi. Nyasi kavu za baridi zimewekwa ghalani kwako, jirani anaziona, anajua huwezi kulisha ng'ombe kumi kwa nyasi za ng'ombe wanne. Kipimo kimo ndani ya maisha yenyewe.

Mwingine ni Valencia, Hispania. Wakulima wanaotumia mifereji ya kumwagilia wana mahakama yao ya maji inayokaa kila Alhamisi saa sita mchana, mlangoni mwa kanisa kuu, hadharani. Wanaohukumu ni wakulima waliochaguliwa na wenzao wa mifereji minane. Kesi inasikilizwa kwa mdomo: mlalamikaji anasema, mshtakiwa anajibu, hukumu inatoka hapo hapo. Aliyeiba zamu ya maji au kuacha mfereji wake ukaziba anatozwa faini mbele ya watu wanaomjua.

Maelezo yangu basi: vikundi vinaishi vikiwa na kanuni walizotunga wenyewe, watu wa kuangalia kutoka miongoni mwao, na adhabu ndogo inayopanda taratibu. Kikundi kisichoweza kumwambia mtu "umekosea, lipa" kitageuka kuwa kijiwe.

#10 Nanga Chini
#9 nimekuelewa, lakini hao wanagawana maji na malisho. Asiyekuja kikaoni, shamba lake linakauka. Sisi wa mitaro na taa za barabarani, asiyekuja ananufaika sawa na aliyekuja. Mwaka 1965 mchumi Mancur Olson alieleza jambo hili hili: mtu akijua atapata faida hata asipotoa jasho, wengi watakaa nyumbani. Na yeye alisema pia kikundi kikiwa kidogo tatizo hilo linapungua, kwa hiyo hapo nampa mwalimu wa #6 nusu ya maksi.

#11 Mwalimu wa Pembetatu
Nusu nimeipokea. Nyingine nitaidai.

#12 Zuhura wa Alfajiri
Naomba niingie, maana hadi sasa mnaongea kama vile mtu yeyote anaweza kutoka nyumbani jioni akaenda kukaa kikaoni.

Katika kikundi chetu tulikuwa wanawake wengi kwenye orodha na wachache kwenye viti. Kikao kinawekwa saa ambayo mtoto anaogeshwa na chakula kiko jikoni. Ukifika umechelewa, ajenda mbili zimeshapita, na zile mbili ndizo zenye uamuzi. Nilipoomba saa ibadilishwe nikaambiwa "leta hoja kwenye mengineyo". Mengineyo inakuja mwisho, watu wamesimama, mmoja anatafuta funguo zake. Tulichofanya ni kuanzisha kikao chetu asubuhi, tukaanza kuandika maamuzi, na baada ya muda wale wa jioni wakawa wanakuja kutuuliza tumeamua nini.

Kwa hiyo mimi nauliza kabla ya yote: kikundi cha nani? Huyo Jefferson wa #1 alimiliki watumwa. Kwenye kata zake hao hawakuhesabiwa, na wanawake pia hawakuhesabiwa.

Mkitaka mfano bora, nendeni Kerala, India. Mwaka 1996 serikali ya jimbo ilianza kupeleka asilimia 35 hadi 40 ya fedha za mpango wa maendeleo kwenye serikali za chini, na wananchi wakapanga wakianzia mikutano ya kata. Mwaka 1998 ukaja mpango wa Kudumbashree: vikundi vya ujirani vya wanawake 10 hadi 20, vinaungana ngazi ya kata, kisha ngazi ya serikali ya mtaa au kijiji. Wanaweka akiba, wanakopeshana, lakini pia wanapeleka mipango yao. Wengi waliojifunza kuongoza kikao mle ndani waligombea viti vya halmashauri na wakashinda.

#13 Kiti cha Nyuma
#12 umeniondoa kiti cha nyuma. Asante dada.

#14 Kengele ya Saba
Mnasahau swali gumu: nani aliyekiunda? Vikundi vidogo vina historia mbili. Kuna vile watu walivyojiundia, na kuna vile vilivyoshushwa kutoka juu ili juu ipate macho chini.

Cuba mwaka 1960 ilianzisha kamati za mitaa za kulinda mapinduzi, kamati ya majirani kabisa. Zilihamasisha chanjo na usafi, ni kweli, lakini pia kazi yake ilikuwa kujua nani anafikiria nini. TANU nayo ilipanga mashina ya nyumba kumi kumi miaka ya 1960, balozi akawa mtu wa chama na wakati huo huo msuluhishi wa ugomvi wa majirani. Ukubwa ni ule ule anaousifu mwalimu wa #6. Jozi zake ni zile zile. Ila taarifa inapanda juu na maagizo yanashuka chini. Udogo peke yake haujitawali.

#15 Bibi Asiyechoka
Kengele, mwanangu, usivitie vyote gunia moja. Mimi nimeishi chini ya kikundi cha kushushwa, na yule kiongozi wetu ndiye aliyekuwa anaamka usiku mtu akiugua. Karatasi ilisema anawajibika juu. Yeye alijua atazikwa na sisi. Watu wanaweza kuchukua chombo cha serikali wakakifanya chao, na wanaweza kujiundia chao wenyewe kikatekwa na watu wawili wenye sauti.

#16 Chumvi Kiasi
Bibi amesema kweli, na Venezuela ni mfano wa katikati. Sheria ya mabaraza ya jumuiya ya mwaka 2006 iliweka mjini familia 200 hadi 400, vijijini kuanzia 20, jamii za asili kuanzia 10. Uamuzi mkubwa ni wa mkutano wa wakazi wenyewe. Palikuwa na mabaraza yaliyoleta maji na kujenga ngazi za zege kwenye vilima. Lakini pesa ilitoka moja kwa moja serikali kuu, kwa hiyo aliyetoa pesa ndiye aliyebaki kuangaliwa usoni. Hapo namrudia #3: tatizo siyo pesa kuingia. Tatizo ni pesa kuwa na mlango mmoja.

#17 Mwana wa Ukumbi
Tukiwa kwenye pesa, tuzungumze posho. Mtu anapoteza nusu siku ya kazi kuja kikaoni. Bila posho wanabaki wastaafu na wenye nafasi. Na posho ikiwepo wanakuja wa posho. Tufanyeje?

#18 Mkwezi wa Zamani
Ubishi huo ni mkongwe kuliko mnavyodhani. Athene ya Ugiriki ya kale walianza na malipo kwa wazee wa mahakama enzi za kiongozi wao Perikles, na baada ya vita na Sparta wakaanza kuwalipa hata wanaohudhuria mkutano mkuu. Oboli moja (sarafu yao ndogo), zikawa mbili, zikawa tatu, kwa sababu watu walikuwa hawatoshi.

Paris ndiyo ya kusikitisha. Mapinduzi ya Ufaransa yaligawa jiji sehemu 48 mwaka 1790, na mikutano ya sehemu hizo ikawa moto, wengine wakikutana kila siku. Septemba 1793, kwa pendekezo la Danton, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, bunge likaamua mambo mawili kwa pamoja: wasikutane zaidi ya mara mbili kwa wiki, na maskini anayehudhuria alipwe sous 40, sarafu ndogo za wakati huo. Baadhi ya wanaharakati wa sehemu hizo waliikataa posho hiyo, waliona ni tusi. Nafikiri waliona mbali. Posho ililetwa siku ile ile muda wao ulipopunguzwa.

#19 Zuhura wa Alfajiri
#18 sikubali moja kwa moja. Kukataa posho ni rahisi kwa mwenye chakula kesho. Sisi tulichofanya: hakuna fedha mkononi, ila watoto wanaangaliwa na mwenzetu kwa zamu, na anayekosa kibarua siku ya kikao anapunguziwa zamu ya usafi. Mahudhurio yalipanda bila mtu kuja kwa sababu ya bahasha.

#20 Dira Mkononi
Wakuu, mbona hakuna aliyetaja bahati nasibu? Mnabishana nani aje na nani hatakuja, wakati Athene walishalitatua. Baraza la watu 500, watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10 ya Kleisthenes, wanapatikana kwa kura ya bahati, mwaka mmoja, na mtu hawezi kukaa zaidi ya mara mbili maishani. Hakuna kampeni, hakuna wenye sauti kubwa kujipanga.

Ireland wameitumia zama hizi. 2016 hadi 2018 wananchi 99 waliochaguliwa kwa bahati, pamoja na mwenyekiti jaji, walikaa wakasikiliza wataalamu na watu walioguswa, wakajadiliana kwenye meza ndogondogo, kisha wakapendekeza katiba ibadilishwe kuhusu utoaji mimba. Kura ya maoni ya Mei 2018 ilipitisha kwa asilimia 66.4. Wabunge walikuwa wamelikwepa jambo hilo kwa miaka.

#21 Kengele ya Saba
#20 na jimbo la British Columbia, Kanada, je? Mwaka 2004 walikaa wananchi 160 na mwenyekiti, karibu mwaka mzima, wakapendekeza mfumo mpya wa uchaguzi. Mei 2005 asilimia 57.7 ya wapiga kura waliunga mkono. Serikali ilikuwa imeweka kiwango cha 60. Pendekezo halikupita. Hao walichaguliwa kwa bahati, walijadiliana vizuri, wakashinda kwa wingi, na hawakuamua chochote. Hapa nasimama na mleta mada kabisa.

#22 Nanga Chini
Na watu 99 kwa niaba ya nchi nzima, je, mimi nimejitawala? Nimetawaliwa vizuri zaidi, labda. Mada inahusu kila mtu kushiriki.

#23 Dira Mkononi
Basi jengeni ngazi. Vikundi vya watu kumi, kila kimoja kinatoa mjumbe, wajumbe kumi wanakaa, wanatoa mmoja. Kwa ngazi sita umefika watu milioni.

#24 Mwalimu wa Pembetatu
Hesabu iko sawa, siasa haiko sawa. Urusi ilijaribu mabaraza ya ngazi kwa ngazi. Katiba ya 1918 iliweka kwenye mkutano mkuu mjumbe mmoja kwa wapiga kura 25,000 wa mijini, na mmoja kwa wakazi 125,000 wa mikoani. Ona mizani ilivyoinamishwa tangu mwanzo. Na kila ngazi ilipochujwa, aliyebaki ni yule aliyekubalika kwa walio juu. Mwananchi wa chini hakuwa na njia ya kumfikia mjumbe wa ngazi ya nne amwambie rudi nyumbani. Ngazi bila haki ya kumrudisha mjumbe wako wakati wowote ni chujio.

#25 Chumvi Kiasi
Niwape moja la kuwachanganya. Jimbo la Glarus, Uswisi, bado wananchi wanakutana uwanjani mara moja kwa mwaka wanapiga kura kwa kuinua mkono, na yeyote anaweza kusimama akapendekeza marekebisho. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilileta pendekezo la kuunganisha manispaa 25 zibaki 10. Mwananchi mmoja akasimama akasema zibaki tatu. Uwanja ukakubali tatu. Mwaka 2007 wapinzani waliitisha mkutano wa dharura, uwanja ukathibitisha tena. Tangu 2011 ziko tatu.

Yaani wananchi wenyewe, kwa uamuzi wao wa moja kwa moja, waliondoa vyombo vidogo vilivyokuwa karibu nao. Moja ya sababu: manispaa ndogo zilikuwa hazipati watu wa kujaza nafasi za uongozi.

#26 Bibi Asiyechoka
Hiyo ya kukosa watu wa kujaza nafasi ndiyo kila mahali. Nafasi tano, watu wale wale watatu.

#27 Kiti cha Nyuma
Na siku hizi wanasema "tupo kwenye kundi la WhatsApp inatosha". Kwetu tulihamia huko tukaua kikundi. Mtu anaweka tangazo la bomba kupasuka, yanafuata maua ya asubuhi njema, tangazo limepotea juu.

#28 Zuhura wa Alfajiri
WhatsApp kwa taarifa, kikao kwa uamuzi. Sisi tumekataza kuamua humo, hata jambo dogo. Anayejibu haraka si lazima awe ndiye anayeguswa.

#29 Mshika Daftari
Nimewasoma wote, asanteni. #5 na #16 mmenipa kazi. Nasimama pale pale kwamba uamuzi ndio damu ya kikundi, ila Porto Alegre inaonyesha uamuzi uliokopeshwa na meya unaweza kudaiwa na meya anayefuata. Kumbe swali linakuwa: uamuzi gani hauwezi kunyang'anywa? Kanuni ya ng'ombe ya #9 ilidumu kwa sababu hakuna wa juu aliyeitoa.

Naomba wenye vikundi vilivyodumu waandike jambo moja tu walilokuwa wanaliamua wenyewe bila kuomba ruhusa.

#30 Mkwezi wa Zamani
Kwetu ni zamu. Nani analinda chanzo cha maji wiki hii, nani wiki ijayo, na anayekosa anafanya mbili. Hakuna ofisi iliyowahi kutaka kutunyang'anya hilo, maana hakuna anayelitaka.

#31 Zuhura wa Alfajiri
Saa ya kikao. Tulianza na hiyo.

#32 Nanga Chini
Sisi hatukudumu, lakini nina swali kwa #30: katibu wenu anabadilishwa kila baada ya muda gani, na daftari linakaa kwa nani? Letu lilikaa nyumbani kwa mtu mmoja hadi tukawa hatujui tuliamua nini.

#33 Mkwezi wa Zamani
Kila mwaka, na anayetoka anakaa na anayeingia vikao viwili vya kwanza. Daftari linazunguka na zamu ya maji. Mwenye zamu ndiye mwenye daftari. Limeloa mara kadhaa.